TAA YA NNE-NNE KWENYE PIKAPU LA MAREHEMU

"Gaudiosa! Gaudiosa! Amka! Usinifie hapa!"

Paa! Kofi shavu la kushoto.

Paa! La kulia.

Nikafumbua macho.

Nilikuwa nimelala chali kwenye theluji, nyuma ya majengo ya viwanda pale Jordbro. Skafu haipo. Kiatu kimoja hakipo. Mlango wa pikapu langu uko wazi, injini inanguruma peke yake...

Na juu yangu amesimama Ziada. Mwanamke niliyekuwa nakula naye sahani moja.

Mkononi ameshika chupa ya chai. Ile ile ambayo nusu saa nyuma nilikuwa nimekunywa kikombe chake.

Ilikuwa tupu! Chai yote imemwagwa chini. Niliona doa la kahawia kwenye theluji, bado linatoa mvuke.

Wapendwa, pale chini sikujiuliza nimepatwa na nini. Nilijiuliza kitu kimoja tu: kwa nini amemwaga chai?

Mtu asiye na hatia anamwaga chai ya tangawizi kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri?

"Umeninywesha nini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Ziada, umenitilia nini kwenye chai?"

Akanitazama kama nimemtemea mate.

Kaeni vizuri niwaeleze. Ilikuwa Februari ya mwaka themanini na saba, Stockholm, na mtu wa karibu yangu alikuwa ananiua taratibu. Hilo sikukosea. Nilikosea mtu.

*

Mume wangu Gervas alikuja Sweden kujifunza kuchomelea vyuma, akapata kazi, akaniita kutoka Ngara. Mwaka themanini na tano figo zikamchukua. Aliniachia vitu viwili: binti yetu Theresia, na pikapu.

Pikapu lenyewe la Kimarekani, refu kama jahazi la mkaa. Alilinunua kwa baharia aliyekuja nalo kutoka California. Magari ya kule wakati huo yalikuwa na kitu ambacho magari ya hapa hayakuwa nacho: kikompyuta kidogo kinachonusa moshi wa injini. Moshi ukiwa mchafu, taa ya rangi ya chungwa inawaka kwenye dashibodi.

Na hiyo taa iliwaka, ndugu zangu! Iliwaka mwaka mzima.

Mimi na Ziada tulikuwa tunasafisha ofisi za viwandani Jordbro, zamu ya mchana. Ziada mtu wa Tanga, mdomo mrefu, roho nyeupe. Mashine ya kusugulia sakafu ilikuwa nzito, haipandi treni. Bosi alinichukua mimi kwa sababu nina gari. Bila pikapu hakuna kazi. Na mwisho wa Februari pikapu lilitakiwa kwenda kwenye ukaguzi wa serikali.

Sasa, kwetu mume akifa, vitu vyake vinapata msimamizi. Msimamizi wangu alikuwa Kasiani, mdogo wake marehemu, aliyekuwa anafanya kazi gereji. Nyumbani Ngara walimjua kama fundi mkuu wa Wazungu. Ilieleweka bila kuandikwa popote: gari la kaka yake haliguswi na fundi mwingine. Kulipeleka kwa mwingine ni kumvua nguo shemeji yako mbele za watu.

Kasiani alijua kulisemesha lile gari. Anainama chini ya usukani, anachomeka kipande cha waya kwenye matundu mawili, anawasha swichi bila kuwasha injini. Taa inaanza kukonyeza.

Kwanza moja... kisha mbili. "Hiyo salamu yake, shemeji."

Halafu inakonyeza mara nne.

Kimya.

Mara nne tena.

"Nne-nne," anasema, anatazama karatasi aliyonakili kutoka kitabu cha Kimarekani. "Ni sensa. Ile pua ya kunusa moshi kwenye ekzosi, bomba la moshi, imekufa. Petroli ya huku ina madini ya risasi, imeiua."

Akabadilisha sensa. Taa ikarudi baada ya siku tatu.

Akabadilisha tena. Siku mbili.

Akabadilisha nyaya. Akafungua kabureta, akaisafisha, akaifunga. Taa hiyoo, inang'aa!

"Shemeji," akaniambia siku moja, hanitazami usoni, "gari hili lina mkono wa mtu."

Mkono wa mtu. Mnajua mjane akiambiwa neno hilo anaanza kuhesabu nani anamchukia.

*

Norsborg tulikokuwa tunaishi, ghorofa ya chini yetu alikaa Mganda mmoja, Muzamiru. Alikimbia kwao miaka ya vita, na huko Jinja alikuwa fundi wa malori. Huku alikuwa anaendesha basi. Asubuhi moja alinikuta nawasha pikapu.

"Mama Theresia, hii gari yako inalia. Unasikia? Tik-tik-tik. Ikipata moto inanyamaza. Nifungue boneti niangalie?"

"Asante, kaka Muzamiru. Lina mwenyewe."

"Mwenyewe iko kaburini, mama."

"Lina shemeji yangu."

Akainua mikono juu. "Haya. Mimi nimesikia tu. Masikio haina pasipoti."

Nikaondoka nimekasirika. Ona sasa! Mtu anakuja na msaada nami nakasirika.

Sasa nawaambia jambo ambalo hata padre sikumwambia kwa miaka mingi.

Mimi ni mtu wa rozari. Kule kazini chumba cha kubadilishia nguo kilijaa watu, redio, sigara. Kwa hiyo kila siku nilifika mapema, nikaegesha nyuma ya jengo, nikaacha injini inawaka nipate joto, nikafunga vioo, nikasali ndani ya pikapu. Mafungu matano. Ziada alikuwa ananiacha peke yangu, anakwenda kuongea na wenzake, anarudi nimalizapo.

Na mle ndani, kuanzia Desemba ile, nilianza kupata amani.

Amani nzito! Mwili unalegea, vidole vinateleza kwenye shanga, masikio yanavuma taratibu kama kwaya iko mbali. Na kwenye fungu la nne au la tano... Gervas anakuja.

Namwona kwa pembe ya jicho, amekaa kiti cha abiria. Koti lake la kazini.

"Gaudi," ananiambia. "Tulia."

Natulia.

Baadaye kichwa kinaniuma kama kinapasuliwa kwa shoka, natapika chooni, naendelea na kazi. Sikujali. Ningelipa kichwa changu chote ili nimwone tena kesho yake.

Nilidhani ni neema. Nilimshukuru Mungu kwa magoti!

*

Turudi pale kwenye theluji.

Ziada alinisaidia kuinuka, nikamsukuma.

"Gaudiosa, mimi nimekuvuta humo ndani! Ulikuwa umelala, mdomo wazi, mate yanakutoka!"

"Chai umemwaga ya nini?"

"Mlango ulikuwa..."

"Usinisogelee!"

"Nisikilize basi, mlango ule..."

"Nimesema usinisogelee, mchawi we!"

Neno limeshatoka. Akachukua mfuko wake, akashika njia ya stesheni kwa miguu, chupa tupu inaning'inia mkononi.

Jioni ile nikampigia Kasiani simu.

"Shemeji, Ziada kanitilia sumu kwenye chai."

Simu ikawa kimya. Kimya kirefu. Nakisikia mpaka leo.

Halafu akasema: "Jihadhari sana na yule mwanamke, shemeji."

Hayo ndiyo maneno yake. Yashikeni.

Ndani ya wiki moja nilikuwa nimewaambia wanawake saba. Saba, wapendwa! Wanawake wa jumuiya yetu, Watanzania na Wakenya na Waganda. Kila mmoja nilimwambia asimwambie mtu. Mnajua yaliyofuata. Ziada akiingia mahali, vikombe vinafunikwa kwa viganja.

Lakini mimi ni mtu wa kuangalia. Nilikuwa na kalenda ndogo ya kanisa, na kila siku kichwa kiliponiuma niliweka msalaba mdogo kwa penseli. Ziada hapandi tena gari langu, chai yake sinywi. Nikatazama kalenda mwisho wa wiki.

Jumatatu, msalaba. Jumanne, msalaba. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa... msalaba, msalaba, msalaba.

Nikampigia Kasiani tena.

"Sumu hukaa mwilini, shemeji," akanijibu upesi. "Inaweza kukaa hata mwezi."

Nikatazama tena ile kalenda. Jumamosi na Jumapili hazikuwa na misalaba. Sumu gani inapumzika wikiendi?

Nikakata simu. Usingizi ulianza kuniruka.

*

Jumamosi iliyofuata Kasiani akachukua pikapu, akalirudisha jioni anapiga honi chini ya dirisha.

"Shemeji! Shuka uone! Imepona!"

Nikashuka. Injini inawaka, dashibodi giza. Hakuna taa ya chungwa.

"Ilikuwa nini?"

"Waya mdogo tu. Ulijificha nyuma kule."

Nikamshika mikono, nikamshukuru, nikamwombea baraka pale pale barabarani. Akatazama viatu vyake.

Jumapili tulikuwa na mkutano wa jumuiya Sundbyberg, kwenye ukumbi wa kukodi. Baada ya misa, niliporudi nyumbani, niliingia kwenye pikapu nilisogeze karibu na mlango wa jengo letu. Nikazungusha ufunguo nusu, kama nilivyofanya kila siku mwaka mzima.

Taa ya mafuta ikawaka, nyekundu. Taa ya betri ikawaka, nyekundu.

Ya chungwa... haikuwaka.

Nikazima. Nikazungusha tena. Hivyo hivyo.

Kasiani alipokuja kuchukua pikapu abebe viti, nikamwambia: "Shemeji, zamani kabla injini haijawaka taa zote zilikuwa zinawaka kwanza. Hii moja mbona haiwaki kabisa?"

Akacheka. Kicheko kikavu.

"Shemeji, mwaka mzima unalia taa inawaka. Leo unalia haiwaki?"

Theresia, miaka tisa, alikuwa tayari ameruka ndani. "Jag åker med farbror!" Naenda na baba mdogo! Mtoto alikuwa ananijibu Kiswidi siku zote, nami namjibu Kiswahili, tunaelewana.

"Haya, nendeni. Mimi namalizia pilau, nitakuja na treni."

Wakaondoka. Nikageuza wali. Nikageuza tena. Mkono ukasimama.

Ile taa.

Nikazima jiko. Nikashuka ghorofa moja, nikagonga kwa Muzamiru.

Alikuja na fulana, anatafuna.

"Kaka Muzamiru, taa ya gari ikipona, inawaka kwanza au haiwaki kabisa?"

Akaacha kutafuna.

"Taa nzima inawaka kwanza, kisha injini ikishika inazima. Inakuonyesha iko hai. Ile haiwaki kabisa, mama, mtu ametoa balbu."



"Ilikuwa inakonyeza ngapi?"

"Nne-nne."

"Na shemeji yako alifanya nini?"

"Alibadilisha sensa. Mara mbili."

Muzamiru akafumba macho. "Nne-nne haisemi sensa imekufa. Inasema sensa inanusa hewa nyingi kwenye ekzosi. Hewa itatoka wapi ndani ya bomba? Kuna ufa! Injini ikipumua ndani, ufa unavuta hewa. Ikipumua nje, ufa unatoa moshi. Ile tik-tik niliyokuambia! Mama Theresia... wewe kichwa inauma ukiwa ndani?"

Nikashika kichwa.

"Usingizi?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Moshi ya injini iko na sumu haina harufu. Unalala tu. Vizuri kabisa. Gari iko wapi sasa?"

"Sundbyberg. Na Theresia yuko ndani."

Hakuvaa hata soksi.

*

Ukumbini kulikuwa na simu. Tulipiga kwanza. Ikalia, ikalia, hakuna aliyepokea. Watu walikuwa wanapanga viti, muziki uko juu.

Tukaingia kwenye gari lake dogo. Barabara kuu imefagiliwa lakini imeganda, anaendesha kama anatoroka vita kwa mara ya pili. Mimi nimeshika rozari na siwezi kusali. Kila nikianza Salamu Maria nasikia ile sauti: "Gaudi, tulia." Kwa mara ya kwanza ikanitisha.

"Kaka, kimbia."

"Nakimbia, mama."

"Kimbia zaidi!"

Tulipofika, nikaliona. Limeegeshwa pembeni ya ukumbi, pua imetazama ukuta, rundo la theluji nyuma yake limefunika nusu ya bomba. Injini inanguruma. Vioo vimejaa ukungu mweupe, huoni ndani.

Kasiani alikuwa anatoka ukumbini kuchukua viti vingine.

"Theresia yuko wapi?"

"Si yuko ndani ya gari? Nimemwachia injini asipate baridi. Nusu saa tu..."

Nikakimbia. Nikateleza, nikaanguka, nikainuka. Nikashika kitasa, nikavuta mlango ukafunguka kirahisi.

Kiti kilikuwa kitupu.

Kofia ya mwanangu iko sakafuni. Mtoto hayupo!

"THERESIA!"

Injini tu. Tik... tik... tik.

Halafu nyuma ya ukumbi nikasikia mtu anatapika. Na sauti ya mwanamke, inasema polepole: "Toa yote, mwanangu. Vuta hewa. Vuta tena."

Nikazunguka kona.

Ziada amepiga magoti kwenye theluji. Koti lake amemvika Theresia, yeye mwenyewe amebaki na blauzi ya mkutano, mikono imekuwa ya bluu. Mtoto amelegea kifuani kwake, uso mwekundu, macho nusu.

"Mamma," Theresia akasema, "jag är trött." Amechoka. Anataka kulala.

"Hulali!" Ziada akamtikisa. Kisha akanitazama mimi. "Kabla hujauliza, mtoto wako hajanywa chai yangu."

*

Hospitali walimwekea Theresia hewa ya oksijeni usoni. Daktari akasema angekaa mle robo saa nyingine, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Wakanitoa na mimi damu. Sumu ya moshi ilikuwemo hadi kwenye damu yangu, na sikuwa nimeingia gari lile tangu asubuhi.

"Umekuwa ukiona vitu visivyokuwepo?" daktari akaniuliza.

Nikamtazama.

"Hapana," nikasema.

Kwenye korido alikuwa amekaa Ziada, amepewa blanketi. Nikakaa kiti cha pili kutoka kwake. Sikuthubutu cha karibu.

"Siku ile Jordbro..."

"Sasa ndiyo unataka kusikia?"

"Naomba."

"Nilikugongea kioo huamki. Mlango umeganda, umeshikamana na barafu, kitasa hakiendi. Ningepata wapi maji ya moto pale? Nikamwaga chai kwenye kitasa na kwenye mpira wa mlango, nikakaza mguu ubavuni mwa gari, nikavuta. Chai yangu ya tangawizi, Gaudiosa! Na bado hukuniuliza hata nilipoumia." Akanionyesha kiganja. Kovu la kuungua lilikuwa bado jekundu.

"Na leo ulijuaje?"

"Nilimwona mtoto amelalia kioo vile vile ulivyolala wewe. Sikusubiri fundi."

Muzamiru akaingia, mikono imejaa masizi. Nyuma yake Kasiani, kichwa chini.

"Nimezima, nimefungua boneti," akasema Muzamiru. "Chuma kinachokusanya moshi kando ya injini kina ufa unaingia kucha. Lakini mama, kuna kitu kingine. Juu ya ufa iko gundi ya chuma. Kuukuu, imepasuka, inabanduka. Mtu alijua huu ufa. Zamani."

Wote tukamgeukia Kasiani.

"Shemeji?"



"Kasiani. Ulijua?"

"Nilijua linavuja. Sikujua linaua."

"Tangu lini?"

"Oktoba. Nilijaribu kukifungua kile chuma, bolti mbili zikakatikia ndani. Sikuweza kuzitoa. Nikapaka gundi."

"Gereji yenu ina mafundi! Mbona hukuwaambia?"

Hapo ndipo akalia. Mwanaume mzima, amejiegemeza ukutani.

"Mimi si fundi pale, shemeji. Nafagia. Miaka minne nafagia na kuosha magari. Nyumbani wanajua ni fundi. Kaka alijua, akanifichia. Ningekupeleka kwa fundi wa kweli, angeuliza nani amekata bolti."

"Na balbu?"

"Ukaguzi ulikuwa karibu. Nilitaka tu wasiione ikiwaka... usiniulize tena."

Nikasimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

"Na nilipokupigia nikakuambia Ziada amenitilia sumu. Ulijua si kweli."

"Ukaniambia nijihadhari naye."

Hakujibu. Kile kimya cha kwenye simu kilikuwa ndiyo hiki hiki, nikakitambua.

Ziada akamtazama juu mpaka chini. "Yaani mimi nimefunikiwa vikombe mjini kwa ajili ya bolti mbili?"

Ningetaka niishie hapa, wapendwa, lawama zote zimwangukie Kasiani. Lakini Muzamiru alikuwa hajamaliza. Akatoa mfukoni vitambaa, akaviweka kwenye kiti.

"Hata na ule ufa, mama, hamngeumia hivi. Hizo gari za Marekani iko na matundu ya kuingiza hewa safi, chini kwenye miguu, huku na huku. Mtu ameyaziba yote mawili. Na pembeni mwa milango pia, amekandamiza kabisa. Moshi inapita kwa tundu za nyaya kutoka injini, hewa safi haipiti. Nani amefanya hii?"

Vilikuwa vipande vya kanga. Maua ya njano, mpaka wa zambarau.

Kanga yangu. Niliikata mwenyewe Desemba, kwa mkasi wa jikoni, kwa sababu kibaridi kilikuwa kinanichoma miguu nikiwa nasali. Nilikandamiza kila tundu kwa kisu mpaka usipite hata upepo kidogo. Na nikafurahi, nikajiambia: sasa humu ni kama nyumbani.

"Ni mimi," nikasema.



*

Pikapu lilipata chuma kingine, Muzamiru alikifunga kwa siku mbili na bolti mpya. Balbu akairudisha. Ufunguo nusu: chungwa inawaka. Injini: inazima. Ukaguzi tukapita, kazi ikabaki. Kasiani nilimlazimisha aandike barua Ngara kwa mkono wake, aseme anachofanya. Aliandika. Baadaye alikwenda kusoma ufundi kweli, lakini hiyo ni habari yake.

Siku ya kwanza kazini niliegesha pale pale, nikafungua kioo kidogo, nikasali mafungu yote matano.

Hakuna kwaya. Hakuna koti la kazini kiti cha pili.

Nikangoja mpaka saa ambayo Ziada angekuwa amerudi, kama tungekuwa bado tunaongea. Hakuna mtu aliyekuja. Siku ile nilimlilia Gervas kuliko siku ya maziko, kwa sababu safari hii mimi mwenyewe ndiye niliyemfungulia mlango akatoka.

Jioni yake nikaenda kwa Ziada. Alifungua mlango akaacha mnyororo umefungwa.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Uliwaambia wangapi?"

"Saba."

"Kwa simu?"

"Ana kwa ana."

"Basi warudie ana kwa ana."

Akafunga.

Nilikwenda, ndugu zangu. Nyumba saba, siku nne. Theluji inafika magotini. Kwa Babirye, kwa Wilkister, kwa wengine. Kila mlango nilisema maneno yale yale: nilimsingizia Ziada, yeye ndiye aliyeniokoa mimi na mwanangu. Wengine walinikumbatia. Mmoja aliniambia, "Mimi hata sikuamini," na ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunika kikombe.

Nikarudi kwa Ziada.

"Nimemaliza wote saba."

Mnyororo bado. Jicho moja kwenye upenyo.

"Bado mmoja."

"Nani?"

"Mimi. Mimi hujaniambia. Umesema unaomba msamaha. Wa nini? Sema."

"Hukunitilia sumu, Ziada."

"Sikusikii."

"Hukunitilia sumu!"

"Jirani yangu wa juu ni kiziwi, naye anataka kusikia."

Nikavuta pumzi yote niliyojaliwa, nikapiga kelele kwenye ngazi za Waswidi, watu wasiopenda kelele: "ZIADA HAKUNITILIA SUMU! NI MIMI NILIYEZIBA HEWA!"

Milango mitatu ikafunguka. Mzee mmoja akatoa kichwa. Nikamsalimia.

Nikasikia mnyororo unatolewa.

Ninayeandika haya ni bibi sasa, na nimeyaweka hapa kwa sababu juzi mjukuu wangu aliniambia taa ya gari lake inawaka na rafiki yake anajua namna ya kuizima. Wajukuu zangu, kuizima ni rahisi kuliko yote. Tafuteni fundi asiyeogopa kusema "sijui". Ukiona aibu kumwuliza mwingine kwa sababu ni shemeji, ni kaka, ni nani, jua hiyo aibu inaweza kukaa kiti kimoja na mtoto wako. Na ukiinuliwa kutoka chini, mtazame kwanza mikono aliyekuinua, uone kama ameungua.

Salini. Mimi bado nasali. Ila fungueni dirisha kwanza.